Tafadhali Zipishe Buti

Mfagiaji alikuwa amefika kwenye kona ya ziwa la pili, pale njia inapobanana kati ya matete na uzio wa mbao, aliposikia buti zinakuja nyuma yake. Alivuta toroli lake la majani pembeni, akazipisha. Buti zilipita, ya kushoto, ya kulia, ya kushoto, zikaacha alama za maji kwenye changarawe kavu, zikakata kona na kupotelea nyuma ya matete. Hapakuwa na mtu ndani yake. Mfagiaji akaendelea alipoishia, kwa sababu majani hayamngoji mtu.

Njia yenyewe ni ya mduara. Inaanzia langoni, inazunguka maziwa matatu, inarudi langoni, na anayeitembea kwa mwendo wa kawaida huimaliza kabla njaa haijamkumbuka. Bustani inayaita maziwa. Waliofanya kazi pale zamani bado wanayaita mashimo, maana ndivyo yalivyokuwa: mashimo ya mchanga wa kujengea, yaliyochimbwa kwa chepe na jasho mpaka nusu ya nyumba za mji zikasimama kwa mchanga ule. Mchanga ulipokwisha, maji yakaachiwa yapande, miti ikapandwa, viti vikawekwa, bata wakaletwa ndani ya maboksi. Siku hizi watu wa mjini huja mwisho wa wiki kupunguza vitambi na kupiga picha, na husema hewa ya pale ni ya asili kabisa.

Buti zilianza kutembea mwaka ambao mvua zilichelewa na maji ya ziwa la tatu yakashuka. Zilitoka upande wenye kina, zikapanda ukingo, zikajikung'uta tope, zikashika njia. Mlinzi wa langoni ndiye aliyeziona kwanza, na alichouliza ni kama zimelipa kiingilio. Kufikia siku ya pili bata walikuwa wamekwisha kuzizoea. Malalamiko yaliyofika ofisini hayakuwa kwamba zinatembea; yalikuwa kwamba zinatembea kinyume na mishale. Vibao vilielekeza watu waanzie kushoto, na buti zilianzia kulia, kwa hiyo kila aliyekuja kukimbia alikutana nazo uso kwa uso, kama inaruhusiwa kusema kwamba buti zina uso. Mlinzi alijaribu kuzishika na kuzielekeza kwingine, lakini alipoziachia, ziligeuka. Walizifungia stoo, na asubuhi sakafu ya stoo ilikuwa imelowa duara zima na mifuko ya mbolea imeharibika. Mwishowe Mkurugenzi wa bustani akaagiza vibao vyote vipakwe rangi upya, mishale ielekee upande wa pili. Ilionekana ni rahisi kugeuza watu wote kuliko kugeuza jozi moja ya buti.

Mfagiaji alizijua tangu siku ya kwanza. Zilikuwa buti nyeusi za mpira, za kawaida, ambazo duka lolote la vifaa vya ujenzi linazo, ila ya kushoto ilikuwa na kiraka chekundu cha tyubu ya baiskeli kwenye kisigino, na kiraka hicho alikibandika yeye mwenyewe kwa kisu alichokipasha moto jikoni, akaungua kidole. Isitoshe, buti ya kushoto ilikanyagia upande wa nje, kama alivyokuwa akikanyaga mumewe. Siku hiyo ya kwanza aliegemea ufagio akazitazama mpaka zikapotea.

"Kumbe uko huku," alisema.

Halafu akamaliza zamu yake. Jioni alihisi amechoka kuliko siku nyingine, akadhani ni jua.

Mumewe alikuwa mchimbaji. Alitoweka siku shimo la tatu lilipofungwa, na msimamizi wa machimbo alikuja mwenyewe nyumbani, kofia mkononi, akasimama mlangoni na kusema kwamba mtu wao ametoroka kazini. Hakuna aliyemwona akiondoka. Lakini mwanamke aliyekuwa akiuza chai pale machimboni alikuwa amehama wiki hiyohiyo, na watu wanajua kujumlisha. Tangu siku hiyo akawa mke wa mtoro. Si mjane, wa kupewa pole. Si mtalaka, wa kutafuta mwingine. Ni mke wa mtoro, mtu ambaye wenzake wakicheka bombani hujiuliza kama anayechekwa ni yeye. Msimamizi alimwonea huruma. Bustani ilipofunguliwa, naye akafanywa Mkurugenzi wake, alimpa ufagio kabla hata hajaomba kazi. Mfagiaji alimshukuru kwa moyo wote, na shukrani hiyo aliibeba kila asubuhi pamoja na ufagio.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake. Bibi yule miguu ilikuwa imemwishia lakini ulimi wake ulikuwa bado unatembea vizuri, na kila jioni, chakula kikishaliwa, alikuwa na kazi moja tu, kumtukana mwanawe.

"Huko aliko amenenepa," alisema. "Ana kitambi. Akitaka kufunga kamba za viatu lazima akae chini."

"Pengine, mama."

"Na huyo mwanamke wake hajui kupika. Chakula kinaungua kila siku, naye anakula kimya kwa aibu. Ale! Si ndicho alichokitaka?"

"Ale tu, mama."

Bibi alikuwa amemjengea mtoro maisha kamili. Alimpa watoto wenye masikio makubwa, na jirani mgomvi, na gego bovu lililomsumbua wakati wa baridi. Mwaka huu alikuwa ameanza kumtoa upara. Mfagiaji alisikiliza upara ule ukikua huku akiosha vyombo, na kuna siku alimchukia mumewe kwa raha kabisa, na kuna siku alichoka hata kumchukia.

Sasa kulikuwa na buti. Mwanamume anaweza kutoroka bila kuaga, bila nguo za kubadilisha, bila hata sabuni. Lakini mfagiaji aliwaza kila akifagia, na kila akiwaza aliona vigumu kuamini kwamba mtu anaweza kwenda kuanza mapenzi mapya akiwa peku.

Akaenda kwa shemeji yake. Kaka wa mumewe alikuwa na chumba uani, mlango wa pili kutoka kwa mama yao. Alikuwa fundi wa pampu za maji, na watu walimwita Pampu hata mbele ya mama yake. Zamani ndiye aliyeendesha pampu kule machimboni, mashine kubwa za dizeli zilizonyonya maji mashimoni usiku na mchana ili watu wachimbe pakavu. Tangu bustani ifunguliwe hakuwahi kukanyaga pale. Alisema hapendi bata.

Alimkuta amekalia ndoo aliyoifudikiza, anafungua mota kwa spana.

"Shemeji, buti za ndugu yako zinatembea kule bustanini."

Pampu hakuinua uso. "Nimesikia kuna buti."

"Ni zake. Kiraka nilibandika mimi."

"Viraka viko vingi duniani, shemeji."

"Zikifika ziwa la tatu zinasimama. Zinageuka, zinaelekeza vidole majini, zinakaa hivyo. Muda mrefu tu. Halafu ndiyo zinaendelea."

Spana ilimponyoka. Pampu aliitazama pale chini kana kwamba haijui, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, kisha akaeleza. Alieleza vizuri, bila kuruka kitu, kama mtu aliyekuwa akijifunza maelezo hayo kwa moyo siku zote.

Chini ya shimo mchanga ni mbichi na unafyonza. Mwenye buti akizama, ananasa. Kwa hiyo wachimbaji walishuka peku, na buti walizivua ukingoni. Nao walikuwa na utaratibu wao ambao hakuna bosi aliyewafundisha. Anayeshuka huacha buti zake vidole vikielekea shimoni. Akipanda, kabla hata hajanawa miguu, huzigeuza zielekee nyumbani. Mwendesha pampu hakuwa na haja ya kuita majina. Alitazama ukingo tu, na kama kuna buti inayotazama shimo, pampu hazizimwi, hata mwenye machimbo aje analia.

"Siku ile kulikuwa na wageni," Pampu alisema.

Wageni walikuwa wamekuja kutangaza bustani. Kulikuwa na mahema, na viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, na kipaza sauti. Msimamizi aliamka alfajiri akafanya usafi. Alipaka mawe chokaa, akachoma takataka, na baadaye, wachimbaji walipokwisha kuitwa juu kusimama nyuma ya mahema na miguu yao ya tope, akapita ukingoni akakuta buti zimekaa ovyo, nyingine zinatazama huku, nyingine kule, akaona aibu. Akazipanga. Alizipanga mstari mmoja ulionyooka, jozi kwa jozi, vidole vyote vikiwaelekea wageni. Siku za mwizi arobaini, watu husema, lakini msimamizi hakuwa mwizi. Alikuwa mpenda usafi, na watu wa namna hiyo hawana arobaini.

Mchimbaji mmoja hakuwa amepanda. Alikuwa amejipenyeza kwenye pango chini ya ukingo akifuata mchanga safi, na kwa kelele za pampu hakusikia akiitwa.

"Mgeni rasmi akaanza kuzungumza, hasikiki," Pampu alisema. "Wakanitumia mtu. Zima pampu, wageni hawasikii hotuba. Nikatazama ukingo. Shemeji, nilitazama. Nilitazama vizuri kabisa. Zote zilikuwa zinatazama nje."

"Ukazima."

"Nikazima."

Maji ya ardhini yakianza kurudi hayapigi kelele. Mchanga ukilowa nao haupigi kelele. Unakaa tu, taratibu, kama mtu mzima anavyokaa kitini baada ya safari. Wageni waliisikia hotuba yote. Mgeni rasmi alisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na watu wakapiga makofi. Ukingo ulipoporomoka ukalala juu ya lile pango, waliokuwa nyuma walidhani ni turubai imeshuka. Baadaye msimamizi alikuja akachungulia, akasema pampu zisiwashwe tena, shimo limeanza kujaa lenyewe na hicho ndicho wageni walichokuja kuona. Hapo alikuwa bado hajui. Jioni wachimbaji walichukua buti zao, mmoja mmoja, wakaenda zao, na pale kwenye mstari ikabaki jozi moja.

"Akaja akaitazama," Pampu alisema. "Akanitazama na mimi. Akasema, ndugu yako ametoroka. Akazitupa majini. Na mimi nikasema ndiyo, ametoroka. Nilitaka iwe hivyo, shemeji. Kama ametoroka, basi mimi sikuzima kitu. Nimetaka hivyo mpaka leo."

Mfagiaji aliokota spana. Alitaka kumpiga nayo, na Pampu alikaa vilevile, kichwa amekiinamisha, wala hakukinga. Ilikuwa spana nzito. Aliishika mpaka mkono ukamchoka, akaiweka pamoja na vifaa vingine, akaingia ndani kuandaa chakula cha jioni. Bibi aliuliza mbona chumvi imezidi.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi. Ofisi iko karibu na lango, na dirisha lake linatazama njia. Ndani mna meza, kabati la chuma, na picha ya bata kwenye ukuta. Mkurugenzi alikuwa amezeeka vibaya, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, lakini karatasi zake zilikuwa zimekaa sawasawa na ukingo wa meza, na kalamu zake zote zimelala upande mmoja.

"Karibu, mama. Kuna tatizo la toroli?"

"Toroli ni zima, bosi. Nimekuja kwa ajili ya mume wangu."

Mkurugenzi akaivuta kalamu moja, akainyoosha ingawa ilikuwa imenyooka.

"Nataka kibao pale ziwa la tatu," mfagiaji alisema. "Kiseme kuna mtu humu. Kiseme jina lake, na kwamba alikuwa kazini. Sitaki kingine. Sikuombi pole, sikuombi chochote."

Alikuwa amejiandaa kukanushiwa. Njia nzima alikuwa akijipanga atakavyojibu. Mkurugenzi hakukanusha.

"Ni mimi niliyezipanga," alisema. "Usidhani nimesahau. Kila zikipita hapo dirishani najua zimepita, hata nikiwa nimeinama nasoma. Nikienda nyumbani naona viatu vya watoto mlangoni, siwezi kuvigusa. Mke wangu anadhani ni uvivu."

"Basi andika."

"Nikiandika kuna mtu humu, ziwa litakaushwa, bustani itafungwa. Mimi nitakwenda nyumbani, wewe utakwenda nyumbani, mlinzi atakwenda nyumbani. Na hawa bata sijui watapelekwa wapi."

"Bata walikuja kwa maboksi. Maboksi yapo stoo."

Mkurugenzi alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi na hakumbuki kinaishia wapi. Wakati huohuo buti zilipita nje. Wote wawili wakangoja zipite.

"Sikiliza," alisema. "Kanuni ya bustani inasema kitu kikionekana humu ndani, hutambuliwa na mwenyewe au na damu yake. Wewe kwa karatasi ni mke wa..."

"Mke wa mtoro. Sema tu, nimezoea."

"Na ndugu yake ndiye aliyezima, hawezi kuwa shahidi. Mlete mama yake. Mama akisema ni za mwanawe, naandika. Nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe, ziwa na likaushwe. Nimechoka, mama. Kweli nimechoka."

Mfagiaji alimwamini. Aliujua uchovu, na ule haukuwa wa kuigiza.

Alimpeleka bibi siku ya katikati ya wiki, wakati njia haina watu. Pampu alimbeba mama yake mgongoni mpaka langoni, kisha wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu ambacho bustani huwawekea wazee. Mkurugenzi alikuwepo, amevaa tai. Mlinzi alisimama nyuma yake ameshika kibao cheupe, kopo la rangi na brashi.

"Mnanipeleka wapi?" bibi aliuliza.

"Kutembea, mama."

"Nitembee kwa miguu ya nani?"

Buti zilikuja zikitokea upande wa lango kama kawaida yake, na zilipofika kwenye kiti cha magurudumu zikapunguza mwendo. Mfagiaji akaanza kusukuma. Zikaenda sambamba na gurudumu la kushoto, hazitangulii wala hazibaki nyuma, na Mkurugenzi na Pampu wakafuata, na mlinzi na kopo lake. Kwenye ziwa la kwanza bibi alizungumza mfululizo. Alisema bata ni wanene kupita kiasi, viti ni vifupi, na mti fulani umepandwa na mtu asiyejua kupanda. Aliziona buti na hakusema lolote juu yake. Kwenye ziwa la pili alikuwa akiitazama buti ya kushoto inavyokanyagia nje, inavyokanyagia nje, na mkono wake ulikuwa umeshika chuma cha kiti.

Ziwa la tatu lina kina, na maji yake ni meusi kuliko ya mengine. Buti zilifika mahali pake, zikageuka, zikaelekeza vidole majini, zikatulia.

"Nisogezeni," bibi alisema.

Walimsogeza. Aliinama, taratibu sana kwa sababu ya mgongo, akaweka kiganja kwenye buti ya kushoto, juu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mkono ukashuka mpaka kisiginoni, ukakuta kiraka. Ukakaa hapo. Maji yalimtiririkia vidoleni. Mfagiaji aliona bega la bibi likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, na moyo wake ukajaa, akawaza kwamba leo atakuwa mjane, leo watu watampa pole bombani, leo atalia kama mtu mwingine yeyote aliyefiwa na mumewe.

"Mama," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini, "ni za mwanao?"

Bibi alijifuta mkono kwenye nguo yake, kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu alikuwa na mguu mkubwa zaidi," alisema.

"Mama, kiraka hicho..." mfagiaji alianza.

"Kiraka ni kiraka. Hizi ni za mtoto wa mtu mwingine. Mtafuteni mama yake, maskini, mumwambie." Alinyoosha mgongo, akamtazama Mkurugenzi moja kwa moja. "Wangu alitoroka. Si wewe uliyekuja kutuambia? Basi ni hivyohivyo. Yuko huko, mtu mzima, ana upara sasa."

Mkurugenzi hakufurahi, ingawa angeweza. Uso wake ulimshuka kama wa mtu aliyetua mzigo kichwani akaambiwa bado hajafika, aubebe tena. Alimwomba mara nyingine atazame vizuri. Bibi akasema ametazama. Pampu alikuwa amewapa mgongo, mabega yanatikisika, na bata mmoja alimkaribia, naye hakujua amfukuze au amwache. Kisha buti zikageuka zikashika njia, maana muda wake wa kusimama ulikuwa umekwisha.

Mfagiaji alisukuma kiti kurudi. Alikuwa na hasira, na hasira ilimpa nguvu, kiti kilikwenda mbio kwenye changarawe mpaka bibi akashika pande zote mbili. Walipowaacha wengine mbali, alisimama.

"Umezijua," alisema.

"Nimezijua."

"Umezijua, na umenikatalia mbele yao."

Bibi alitazama mbele. Kutoka nyuma mfagiaji aliona kisogo chake tu, na nywele chache nyeupe zilizotoka kwenye kilemba.

"Huyu wangu ana watoto wawili," bibi alisema. "Wana masikio mabaya lakini wana afya. Jino linamuuma, anakula, anagombana na jirani. Ukiniulia leo, kesho nitamtukana nani?"

"Na mimi je, mama?"

Bibi alifikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayegawa chakula kidogo asimdhulumu mtu.

"Wewe unajua," alisema mwishowe. "Anayejua anatosha mmoja."

Mfagiaji akasimama pale mpaka hasira ikamtoka yenyewe. Hakuifukuza, ilikuwa imechoka tu, kama yeye. Kisha akasukuma kiti hadi langoni, akamwita Pampu ambebe mama yao. Jioni hiyo bibi alisema mtoro ameng'oa jino, na uvimbe umempungua, na mfagiaji akajibu pengine, mama.

Kopo la rangi lilikuwa limekwisha kufunguliwa, na rangi ikifunguliwa inakauka. Mkurugenzi aliandika kibao hata hivyo, kwa mkono wake, herufi zilizonyooka vizuri: BUTI HUTEMBEA HAPA. TAFADHALI ZIPISHE. Kilisimamishwa ziwa la tatu. Watu wakaanza kuja hata siku za kazi. Bustani ikaweka chemchemi ya kurusha maji katikati ya ziwa, ipendeze kwenye picha, ikamtafuta fundi wa kuendesha pampu yake, na Pampu akaikubali kazi. Ameagizwa aizime kila jioni lango likifungwa. Hajawahi kuizima. Mkurugenzi anasikia ikinguruma hata akiwa anaelekea nyumbani, na hajawahi kumuuliza.

Mfagiaji aliongezewa jukumu la kuzifuta buti tope kila Ijumaa, wageni wa mwisho wa wiki wazikute safi. Anazifuta zikiwa zimesimama pale ziwani, kwa sababu zikitembea ni shida. Hazungumzi nazo. Zamani kidogo alikuwa akiziambia mambo ya nyumbani, siku hizi anaona ni kazi juu ya kazi.

Ijumaa moja alikuwa amepiga magoti anasugua soli, mke na mume wakafika wakiwa wamevaa nguo za mazoezi. Mume alisoma kibao kwa sauti. Mke alichuchumaa karibu, akazitazama buti, akamtazama mfagiaji, na alikuwa na uso mzuri, wa mtu ambaye akiambiwa jambo atalisikiliza mpaka mwisho.

"Samahani, dada," alisema. "Hivi buti hizi ni za nani?"

Mfagiaji alikamua kitambaa. Chemchemi ilikuwa inanguruma. Nyumbani bibi alikuwa anangoja chakula, na baada ya chakula kuna maongezi.

"Ni za bustani," alisema.